Nguzo 24, matunda 11: kisa cha pitaya ya Shangazi

Picha iliingia kwenye simu yangu katikati ya Novemba, kabla ya adhana ya alfajiri. Lilikuwa shina la pitaya, lile la pembe tatu, limegeuka rangi ya uji wa ulezi kuanzia udongoni hadi usawa wa goti. Nyama yote ilikuwa imemomonyoka, na kijiti cha katikati kimebaki kimesimama peke yake kama mfupa. Chini ya picha Shangazi aliandika: "Mwanangu, hii ni nguzo ya nne mwezi huu. Niambie kama ning'oe zote nirudishie zabibu."

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Shamba lake liko nje ya Dodoma, njia ya kuelekea Makutupora, mahali ambapo kila mtu anajua zabibu na wachache wanajua kitu kingine kinachotambaa. Miaka 3 iliyopita alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akanunua vipando 96 vya pitaya, tunda ambalo sokoni wengi hulijua kama dragoni au tunda la joka. Muuzaji alimwambia huu ni mmea wa jangwani: haudai maji, hauugui, na mwaka wa pili atavuna. Akasimika nguzo 24, kila nguzo vipando vinne. Katika miaka hiyo yote alikuwa amechuma matunda 11, na aliyahesabu mbele yangu kwa vidole, akitaja kila moja alimpa nani.

Mimi nina kitalu cha miche Morogoro, kwa hiyo kwenye ukoo wetu jani likinyauka naulizwa mimi. Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu swali la "mbona pitaya yangu haizai" naulizwa karibu kila wiki, na majibu yanayozunguka ni ya mstari mmoja: ongeza mbolea, punguza maji, subiri. Shamba hili moja lilikuwa na maradhi matatu tofauti kwa wakati mmoja, na juu yake tatizo la nne ambalo halionekani kabisa mchana.

Nianze na kosa langu. Nilipoona picha ile nilimjibu palepale: "Shikamoo Shangazi. Hayo ni maji mengi. Acha kumwagilia shamba zima wiki tatu." Kwa nguzo iliyokuwa kwenye picha jibu lilikuwa sahihi. Kwa theluthi moja ya shamba lilikuwa baya, na nililiona hilo kwa macho yangu siku kumi baadaye niliposhuka na treni Dodoma. Toka siku hiyo sijatoa tena ushauri wa shamba zima kwa picha ya shina moja.

Shamba limekaa kwenye mteremko mdogo. Zamani lilikuwa la zabibu, na ngazi zake bado zipo: mistari mitatu ya nguzo nane nane, kati ya mstari na mstari hatua 15 hivi. Juu kabisa ni udongo mwekundu wenye mchanga mwingi. Ukishuka unabadilika, hadi chini karibu na korongo unakanyaga mbuga, ule udongo mweusi unaonasa kwenye viatu ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka. Kisima kiko chini. Kijana anayemsaidia Shangazi hubeba maji kwa madumu ya lita 20, na kama mtu yeyote mwenye mabega, humwaga zaidi pale palipo karibu na kisima na kupunguza kadiri mlima unavyopanda. Kwa hiyo udongo unaoshika maji ndio uliopata maji mengi, na mchanga usioshika kitu ndio uliopata mabaki. Nilipolitambua hilo nilikaa chini ya mwembe, nikaanza upya.

Mstari wa chini

Kila nguzo ilikuwa imezungushiwa kisahani, kile cha kuchimba kuzunguka mche ili maji yasikimbie. Kwa mwembe au mchungwa ni jambo jema. Kwa pitaya kwenye udongo wa mbuga ni beseni la kuogeshea mizizi isiyopenda kuoga. Mizizi ya mmea huu haiendi mbali chini. Mingi hukaa kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu, inatafuta hewa kama inavyotafuta maji. Ikikaa ndani ya tope siku tatu mfululizo inaanza kufa, na jeraha la mzizi uliokufa ndio mlango wa vijidudu vya kuozesha.

Halafu samadi. Shangazi alikuwa amejaza samadi ya ng'ombe, mbichi, ikiwa imegusana na shina. Aliweka kwa mapenzi. Ilishika unyevu ikachemka. Nilipoisukuma kando kwa kiganja, ngozi ya shina ilibaki mkononi mwangu.

Namna ya kujua uozo wa maji na kuutofautisha na mambo mengine ni pua na kidole. Unanuka kama kabichi iliyosahaulika, ukibonyeza panazama, na unapanda juu siku hadi siku. Lakini kile kijiti cha katikati kina habari njema. Ukikata kwa kisu kikali juu ya sehemu iliyooza na kukuta kijiti cheupe au cha kijani kisicho na doa la kahawia, kipande kilichobaki juu ni kizima. Ukikuta alama ya kahawia, kata tena sentimita tano juu, futa kisu kwa spiriti, tazama tena. Tulikata hivyo mashina 21 siku ile. Mashina manne yalikuwa na kahawia hadi ncha, hayo tukayatupa nje ya uzio wa minyaa na kuyachoma. Yaliyobaki tukayakata vipande vya urefu wa mkono na kuyalaza kwenye veranda, kivulini, siku saba, hadi midomo ya majeraha ikakauka na kuwa migumu kama gome. Pitaya ikipandwa na jeraha bichi inaoza. Ukiiacha wiki nzima bila tone la maji haijali. Hapo ndipo unapoonekana ule ukaktasi wake, tabia ya mimea minene inayoweka akiba ya maji mwilini.

Shangazi aliniuliza kama tuipige dawa. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa na chupa mbili za dawa ya kuvu alizouziwa na duka la pembejeo, na alishapulizia mara sita. Nilimwambia hapana. Huwezi kutibu tope kwa dawa.

Mstari wa juu

Huku hakukuwa na harufu yoyote. Mashina yalikuwa membamba, yamekunjamana, na upande wa magharibi peke yake yalikuwa ya njano iliyopauka, mahali pengine meupe na makavu kama ukurutu wa jeraha lililopona. Duka lile lile lilimwambia ni ugonjwa. Ni jua. Ugonjwa hauna dira. Hauchagui kushika upande wa magharibi wa nguzo nane zote na kuacha upande wa mashariki kijani.

Na hapa ndipo neno "mmea wa jangwani" lilipofanya madhara yake makubwa. Pitaya ni kaktasi kweli, ukoo mmoja na dungusi kakati. Lakini kwao si jangwani. Asili yake ni misitu ya kitropiki ya Meksiko na Amerika ya Kati, na huko huparamia miti: hushika gome kwa mizizi yake ya hewani, huishi nusu kivulini, na hula majani yaliyooza kwenye panda za matawi. Nchini Israeli, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion walipoupeleka jangwa la Negev, waliukuza chini ya vyandarua vya kivuli, kwa sababu jua tupu liliuchoma. Jangwani kwenyewe, wanaoujua vizuri, waliufunika.

Kustahimili ukame kuna maana finyu kuliko wauza vipando wanavyosema. Mmea huu ukikosa maji hujifunga kabisa na kusubiri. Haufi, ila haukui wala hauchanui. Miezi sita ya kwanza Shangazi hakumwagilia hata kikombe, kama alivyoelekezwa, na mstari wa juu haujawahi kupona njaa ile. Kisha nikaja mimi na agizo langu la wiki tatu bila maji, katikati ya Novemba, mwezi ambao Dodoma inapumua moto.

Tulichofanya huku kilikuwa kinyume cha chini. Lita 10 kwa kila nguzo mara mbili kwa wiki, jua likishazama, zikimwagwa kuzunguka kwa upana wa mikono miwili na si kwenye shina. Matandazo mazito ya nyasi kavu. Samadi iliyokaa hadi ikawa mboji, imetawanywa juu tu. Na jembe lipigwe marufuku karibu na nguzo, kwa sababu kijana alikuwa akipalilia hadi kwenye shina na kila palizi ilikata nusu ya mizizi. Kwa kivuli, Shangazi alitoa wazo ambalo mimi nisingelifikiria: mabua ya uwele. Tuliyafunga kama mapazia upande wa magharibi wa kila nguzo, yanapitisha mwanga mwembamba na yanaoza yenyewe baada ya msimu. Nyuma yake akapanda mstari wa milonge itakayochukua kazi hiyo baadaye.

Mstari wa kati

Huu ndio uliokuwa ukimvunja moyo Shangazi zaidi, kwa sababu haukuwa na ugonjwa. Kijani kibichi, mashina manene, na tayari vitumba vya maua ukubwa wa kidole gumba. "Hii inachanua kila mwaka," alisema. "Maua yanafunguka, asubuhi yamelala, basi. Wiki haijaisha yako chini."

Nilimwuliza swali ambalo nadhani ni muhimu kuliko yote kwa mtu mwenye pitaya isiyozaa: linaanguka kabla ya kufunguka au baada? Kitumba kikianguka kingali kimefumba, tafuta kiu, maji yanayopanda na kushuka ghafla, au siafu na sisimizi wanaokitafuna. Ua likifunguka vizuri, likanyauka, kisha siku ya nne hadi ya sita kitako chake kikawa cha njano na kuanguka, mmea hauna kosa. Halikupata chavua, ule unga wa kiume wa ua.

Shangazi hakuwahi kuliona ua likiwa wazi. Miaka 3. Analala saa mbili na nusu, anaamka alfajiri, na ua la pitaya huanza kufunguka jua linapozama, huwa wazi kabisa kati ya saa tatu na saa sita usiku, na jua likishapanda asubuhi limeshalala. Usiku mmoja tu, na halirudii. Huko kwao hutembelewa na popo wala-nekta na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu. Kwetu hao hao hawapo, na nyuki wanaofika alfajiri huokota chavua nyingi bila kugusa sehemu inayotakiwa, kwani sehemu ya kike husimama juu zaidi ya zile nyuzi za kiume, kama mkono wenye vidole vingi umenyooshwa nje ya umati.

Kulikuwa na jambo jingine. Vipando vyote 96 vilikatwa kutoka mama mmoja, wa aina yenye nyama nyekundu. Aina nyeupe ndani mara nyingi hujizalisha yenyewe. Nyekundu nyingi hukataa chavua yao wenyewe, na mimea iliyotokana na mama mmoja kwa vipando ni mmea mmoja uliosimama mahali pengi. Hata popo angekuja, angekuwa anahamisha chavua kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia wa mtu yule yule.

Usiku wa tarehe 9 Desemba

Nilirudi vitumba vilipovimba. Mjini kulikuwa na nyumba moja yenye pitaya nyeupe iliyopanda ukuta wa uani, na mwenyewe, mama mkarimu sana, alituruhusu tukapukute chavua ya maua yake mawili usiku wa tarehe 8. Tuliikung'uta kwenye kikombe kikavu, ikawa unga wa njano laini kama manjano ya dukani, tukaifunika kwa karatasi na kuihifadhi kwenye jokofu hadi kesho yake.

Saa mbili usiku tulitandika jamvi kati ya nguzo ya tatu na ya nne, mimi, Shangazi na yule kijana, na tochi mbili. Wakati wa kungoja nilimweleza Shangazi jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mmea huu. Mimea mingi hufungua vitundu vya ngozi yake mchana ili ivute hewa ya ukaa, na maji hupotea kupitia vitundu hivyo hivyo. Pitaya hufunga mchana kutwa. Hufungua usiku, kukiwa na ubaridi, huvuta hewa na kuiweka akiba kama asidi, kisha mchana, milango ikiwa imefungwa, huitumia akiba ile pamoja na jua kutengeneza sukari. Mwaka 1815 zilichapishwa habari za Benjamin Heyne, aliyekuwa akiishi India, ambaye alizoea kutafuna jani la mmea mmoja mnene wenye asili ya Madagaska akagundua kwamba asubuhi lilikuwa chachu na mchana halina ladha. Alikuwa ameonja jambo hili hili.

"Tutaonja," alisema Shangazi, kwa sauti ile ile aliyotumia darasani. Na kweli alfajiri alikata kipande cha shina kichanga, akamenya, akatafuna. Alisema ni kama ukwaju uliotiwa maji mengi. Mchana, saa tisa, akaonja tena kutoka tawi lile lile. "Bamia tu," akasema. Akaandika kwenye daftari.

Ua la kwanza lilikuwa limeanza kutikisika tangu saa moja kasoro, hadi saa tatu lilikuwa pana kuliko sahani ya wali, jeupe ndani, na harufu imejaa kati ya mistari. Urefu wake ni karibu sentimita 30. Shangazi alisimama mbele yake muda mrefu, tochi imeelekezwa chini asilitie mwanga mkali, na hakusema kitu. Kisha akasema, "Miaka yote hii limekuwa likifanya hivi mimi nimelala."

Maua 20 yalifunguka mstari wa kati usiku huo. Nilitaka tujue, tusibahatishe, hivyo tukayagawa. Sita tuliyaacha kama yalivyo na kuyafunga uzi mweupe. Sita tuliyapaka kwa brashi ndogo chavua ya shamba lile lile, uzi wa bluu. Manane tuliyapaka chavua kutoka ukuta wa mjini, uzi mwekundu. Kupaka ni kazi ya nusu dakika: unachovya brashi kavu kwenye kikombe na kuizungusha juu ya vile vidole vya katikati hadi viwe vya njano. Kijana alifanya mengi kuliko sisi kwa kuwa mkono wake hautetemeki.

Siku ya sita maua yote ya uzi mweupe yalikuwa yameanguka. Ya bluu yalianguka matano, moja lilishika. Ya uzi mwekundu yalishika saba kati ya manane, vitako vyake vya kijani kibichi, huku ua lililonyauka likining'inia nchani kama kitambaa. Lile la bluu liliendelea kukua, likaiva likiwa dogo kama limau. Ukubwa wa tunda la pitaya hufuata wingi wa zile mbegu nyeusi, na mbegu hufuata wingi wa chavua iliyokubaliwa. Nadhani hapo ndipo yalipotoka matunda 11 ya miaka 3: machache yaliyojikubali kidogo kidogo, mengi yao, alikumbuka Shangazi, yalikuwa madogo na hayana utamu. Utamu ulipungua pia kwa sababu alikuwa akiyachuma yakianza tu kubadilika rangi, akidhani yataivia kabatini kama embe. Pitaya haiivii kabatini. Ikishakatwa, sukari iliyomo ndiyo hiyo. Inatakiwa ingoje siku kadhaa baada ya ngozi yote kuwa nyekundu.

Nguzo na taa

Mambo mawili yaliyobaki nitayasema kwa kifupi, ingawa la pili linanivutia sana.

Nguzo za Shangazi ni za mkaratusi, na mchwa wa Dodoma hawahitaji maelezo. Sita zilikuwa zimeliwa chini hadi zinatikisika. Pitaya iliyokomaa, pamoja na matawi yake, inaweza kupita kilo 100, na nguzo ikilala inavunja kila kitu. Amezibadilisha hizo sita kwa za zege, kila moja na tairi kuukuu la pikipiki juu limeshikiliwa na nondo za chuma, na zilizobaki atazibadilisha kidogo kidogo. Tairi ndilo linalofanya kazi: shina moja hupanda hadi juu bila kuachiwa machipukizi pembeni, likifika hukatwa ncha, matawi hutoka na kumwagika chini kupitia tairi kama mwavuli, na maua huja kwenye matawi hayo yanayoning'inia. Shangazi alikuwa ameacha kila chipukizi liende litakako, kwa huruma. Tulikata mikokoteni miwili.

Taa sasa. Nguzo ya mwisho ya mstari wa kati iko mbele ya nyumba, chini ya taa ya usalama inayowaka usiku kucha. Kijana aliniambia nguzo hiyo hutoa vitumba mwezi wa Septemba, nyingine zote zikiwa kimya hadi Novemba. Pitaya huchanua siku zinaporefuka kupita saa 12 za mwanga, na kwetu, karibu na Ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana: Dodoma siku fupi kabisa ya Juni ina karibu saa 11 na dakika 46 na ndefu ya Desemba karibu saa 12 na nusu. Tofauti ndogo, lakini mmea unaihesabu. Nchini Vietnam, ambako tunda hili lilipelekwa na Wafaransa katika karne ya 19, wakulima wa eneo la Bình Thuận hutundika taa juu ya mashamba yao na kuziwasha usiku msimu wa siku fupi ili mmea udhani usiku ni mfupi, na huvuna wakati bei imepanda. Shangazi alikuwa na taa yake ya Vietnam miaka 3 bila kujua. Simshauri bado kutundika nyingine, umeme una bei yake na mizizi ndiyo kwanza inapona, ila amekubali kuweka kumbukumbu ya nguzo ile mwezi kwa mwezi.

Hali ilivyo sasa

Mstari wa chini umeachwa. Vipande vilivyokaushwa vimepandwa upya katikati ya mteremko, juu ya matuta yenye urefu wa goti, kina cha sentimita tano tu, na kwenye mbuga ile Shangazi ameweka majaruba mawili ya mpunga anaosema ni kwa ajili ya kuku. Vipando vipya vitachukua mwaka mmoja hadi miwili kuchanua, na hilo amelipokea kuliko nilivyotarajia. Mstari wa juu umenenepa, lakini zile kovu za jua hazitaondoka. Machipukizi mapya ndiyo yatakayobeba matunda. Kutoka ukuta wa mjini tumepata vipando 10 vya nyeupe, vimepandwa kila baada ya nguzo kadhaa, ili siku zijazo chavua isisafiri kwa bodaboda.

Mvua zilianza tarehe 14 Desemba, na mkupuo wa pili wa maua ulifunguka usiku wa mvua. Chavua ililowa, hatukupata kitu. Mkupuo wa tatu ulikuja mwanzoni mwa Januari, mimi nikiwa Morogoro. Saa tatu na nusu usiku simu iliita.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Nina kikombe, nina brashi, nina uzi. Yamefunguka 31. Nilitaka tu kukuambia kuna nondo mmoja mkubwa amekuja, yuko kwenye lile la nguzo ya tano, sijui nimfukuze?"

Nilimwambia amwache, ahesabu anatembelea mangapi. Akaweka simu chini ya nguzo bila kuikata, nikabaki nasikia miguu yake kwenye nyasi kavu na sauti yake ikihesabu.